Bwawa la kuogelea la faiba nyumbani: kwa nini bei ya tangazo haitoshi

Kila mwaka ifikapo Septemba, baridi inapoanza kuondoka katika nyanda za juu za Gauteng, matangazo ya mabwawa ya kuogelea huongezeka magazetini, kando ya barabara na kwenye simu za mkononi. Katika vitongoji vingi vya Johannesburg, Pretoria, Durban na Cape Town, bwawa nyuma ya nyumba si anasa ya matajiri peke yao. Familia za kipato cha kati nazo huwa nalo, na miongoni mwa familia hizo sasa wamo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Tanzania, Kenya na Burundi walionunua nyumba nchini Afrika Kusini. Wengine wetu wamo upande wa pili wa biashara hiyo hiyo: ndio wanaochimba mashimo, wanaoendesha malori ya mchanga na wanaopita kila wiki kusafisha maji ya watu.

Tangazo la kawaida huonesha beseni la buluu lililokwisha kujaa maji, watoto wanacheka, na chini yake imeandikwa bei moja kwa tarakimu kubwa. Bei hiyo mara nyingi ni ya kweli, lakini ni bei ya sehemu tu ya kazi. Mwenye nyumba anayeichukua kama bajeti nzima huweza kujikuta katikati ya ujenzi hana fedha, huku uani kukiwa na shimo lenye kina kinachompita mtoto. Makala haya yanaeleza gharama zinazojificha nyuma ya bei hiyo, zinatokana na nini, na ipi kati ya hizo haipaswi kupunguzwa hata kidogo.

Faiba ni nini, na mkataba unazungumzia ipi?

Faibaglasi ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu ya kemikali. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaifahamu kupitia boti za faiba, na bwawa la faiba limetengenezwa kwa namna inayofanana na boti hizo: kiwandani kuna umbo, umbo hilo hupakwa tabaka la juu lenye rangi na mng'ao, kisha nyuzi na gundi hupangwa tabaka baada ya tabaka. Linapokauka, beseni zima hung'olewa kwenye umbo likiwa kipande kimoja. Hupelekwa nyumbani kwa lori, hushushwa katika shimo lililoandaliwa, na baada ya siku chache au majuma machache kazi kubwa huwa imekwisha.

Bwawa la zege ni kinyume chake. Hujengwa papo hapo kwa nondo na zege, huchukua muda mrefu zaidi, na ukuta wake wa ndani huhitaji kupigwa lipu upya baada ya miaka kadhaa. Faida yake ni kwamba linaweza kupewa umbo na ukubwa wowote, ilhali beseni la faiba huja kwa maumbo ya kiwanda tu. Uso laini wa faiba, kwa upande wake, huwapa mwani nafasi ndogo ya kushika, hivyo dawa inayotumika huwa kidogo.

Nchini Afrika Kusini neno hilo la faiba hutumika kwa kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni beseni zima kutoka kiwandani. Ya pili ni kulifunika bwawa la zege lililochakaa kwa tabaka la faibaglasi linalopakwa pale pale nyumbani. Bei za kazi hizi mbili hazilingani hata kidogo. Anayelinganisha makadirio ya mafundi wawili ahakikishe kwanza kwamba wote wawili wanazungumzia kazi moja.

Bajeti huanzia ardhini

Tuchukue bwawa la ukubwa wa wastani: urefu mita 7, upana mita 3, na kina cha wastani cha maji mita 1.3. Maji yake ni mita za ujazo 27.3, yaani lita 27,300.

Shimo lake haliwezi kuwa na ukubwa huo huo. Mafundi huhitaji takriban nusu mita kila upande ili wafanye kazi, na chini huwekwa tabaka la mchanga. Shimo basi hufikia mita 8 kwa 4 kwa kina cha wastani cha mita 1.6, sawa na mita za ujazo 51. Udongo ukichimbwa hulegea na kuvimba. Ukiongezeka kwa robo tu, unakuwa na mita za ujazo 64 za kuondoa. Kwa lori la mita 10 za ujazo hizo ni safari saba, na kila safari ina bei yake pamoja na ada ya mahali pa kumwaga. Kisha nafasi iliyobaki kati ya beseni na kuta za shimo, pamoja na tabaka la chini, itahitaji karibu mita 20 za ujazo za mchanga wa kununua. Mkataba unaosema tu kwamba uchimbaji umejumuishwa huweza kumaanisha kuchimba na kuuacha udongo uani.

Baada ya kiasi cha udongo, linakuja suala la aina yake, na hapa nchi hii ina tofauti kubwa baina ya eneo na eneo.

Katika sehemu za Centurion kusini mwa Pretoria, sehemu za Ekurhuleni na Rand ya Magharibi, chini ya nyumba kuna mwamba wa dolomiti. Mwamba huu huyeyuka polepole kwa maji kwa karne nyingi na kuacha mapango. Maji yanapovuja kutoka kwenye bomba au bwawa, udongo wa juu huweza kusombwa na kuingia katika mapango hayo, na ardhi ikadidimia ghafla. Wazee wa mji wa machimbo wa Carletonville wanakumbuka nyumba zilizomezwa na ardhi katika miaka ya 1960. Mwenye nyumba katika maeneo hayo hana budi kuweka katika bajeti yake gharama ya mtaalamu wa miamba kabla ya gharama ya beseni, na pengine ajibiwe kwamba kiwanja chake hakifai kuwekwa bwawa kabisa.

Katika tambarare za Cape Flats, udongo ni mchanga na maji ya chini ya ardhi hupanda karibu na uso wakati wa mvua za majira ya baridi. Hatari yake ni ya namna nyingine: beseni kuelea. Bwawa likiwa limejaa, uzito wa maji hulikandamiza chini. Likimwagwa maji ili lisafishwe au kukarabatiwa, hubaki beseni ambalo huweza kuinuliwa kwa kreni ndogo. Iwapo maji ya ardhini yamepanda nusu mita juu ya sakafu ya bwawa la mfano wetu, nguvu inayolisukuma juu ni kama tani 10. Hata tukipunguza theluthi kwa kuwa kuta zake zimeinama, bado ni tani 7 dhidi ya chombo chenye uzito wa tani moja au pungufu. Beseni hung'oka kama mtumbwi uliofunguliwa kamba, mabomba hukatika, na sakafu iliyozunguka hupasuka. Kinga yake ni rahisi ikifanywa mapema: bomba la wima lililofukiwa kando ya bwawa hadi chini ya shimo, ambalo kwalo fundi anaweza kuona kimo cha maji ya ardhini na kuyavuta kwa pampu kabla ya kulimwaga bwawa. Baada ya ujenzi kukamilika, kuliongeza bomba hilo ni kazi ya kuvunja na kujenga upya.

Maeneo mengine, hasa kaskazini mwa Pretoria na katika sehemu za Free State, yana udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Udongo huo haurudishwi kuzunguka beseni. Huondolewa wote na kuwekwa mchanga, au mchanga uliochanganywa na saruji kidogo. Tena fundi mzuri hujaza mchanga nje na maji ndani kwa pamoja, kimo cha huku kikifuata kimo cha kule, ili ukuta usisukumwe upande mmoja ukapinda. Msimamizi akiona mchanga unajazwa wote huku beseni likiwa tupu, ana haki ya kusimamisha kazi.

Beseni litapitaje mpaka uani?

Beseni ni kipande kimoja, wala haliwezi kukunjwa. Sheria za barabara za Afrika Kusini haziruhusu lori la kawaida kuzidi upana wa takriban mita 2.6, mzigo mpana zaidi huhitaji kibali maalumu. Ndiyo maana baadhi ya mabeseni husafirishwa yakiwa yameegemezwa kwa ubavu. Likifika langoni, swali jingine huibuka: je, kuna nafasi kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani? Pasipo nafasi, hukodiwa kreni ya kulipitisha juu ya paa, na bei yake huongezeka kwa kadiri mkono wa kreni unavyohitaji kufika mbali. Nyaya za umeme zilizo juu ya barabara huweza kuizuia kabisa.

Wanaoishi ndani ya nyumba za pamoja zenye uzio na walinzi wana jambo la ziada. Umoja wa wamiliki huwa na kanuni zake kuhusu ujenzi, saa za kazi na uzito wa malori yanayoruhusiwa kuingia. Ni vyema kibali cha umoja huo kipatikane kwa maandishi kabla ya malipo ya awali kutolewa.

Hesabu ya mfano

Tarakimu zifuatazo ni za kubuni, zimewekwa ili kuonesha namna ya kupiga hesabu. Kila msikilizaji aondoe tarakimu zetu na kuweka zile atakazopewa na mafundi wa mahali pake.

Tuseme familia imewekeza randi 150,000, nayo imepata makadirio ya randi 95,000 kwa beseni, pampu, kichujio na ufungaji. Familia inaona imebakiwa na 55,000, na moyo umetulia. Kisha inakaa na kuandika yale ambayo makadirio hayakuyataja. Kuondoa udongo, 12,000. Fundi umeme aliyesajiliwa pamoja na cheti chake, 8,000. Sakafu ya matofali kuzunguka bwawa, 25,000. Uzio na geti, 22,000. Wavu au kifuniko, 7,000. Maji ya kujaza na dawa za kuanzia, 3,000. Jumla imefika 172,000.

Halafu inagundua kwamba karatasi ya makadirio ilikuwa na maneno madogo chini: bei haijajumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ambayo imekuwa asilimia 15 nchini Afrika Kusini tangu Aprili 2018. Asilimia 15 ya 95,000 ni 14,250, na jumla inakuwa 186,250. Hatimaye inatenga asilimia 10 kwa ajili ya yasiyotarajiwa, kama vile mwamba mgumu kukutwa katika kina cha mita moja au bomba la maji taka ambalo halikuwepo kwenye ramani. Hiyo ni 18,625. Gharama kamili sasa ni randi 204,875, zaidi ya mara mbili ya bei ya kwanza, na familia imepungukiwa na karibu randi 55,000. Fedha iliyoonekana kuwa akiba ndiyo sasa imekuwa pengo.

Familia iliyoiona hesabu hiyo mezani kabla ya kusaini ina njia tatu: kuchagua beseni dogo zaidi, kusubiri mwaka mmoja, au kuacha. Inayoiona baada ya shimo kuchimbwa huwa imebakiwa na njia moja, nayo ni kukopa. Mbaya zaidi, shimo huachwa wazi mvua za kiangazi zinapoanza. Shimo la mita moja na nusu lililojaa maji ya tope lina hatari kuliko bwawa lenyewe, kwa kuwa kina chake hakionekani na kingo zake zinateleza.

Uzio: pale sheria inapoishia

Familia zinapobanwa na fedha, kitu cha kwanza kupunguzwa huwa uzio, kwa hoja kwamba tayari nyumba ina ukuta mrefu wa nje. Hoja hiyo inahitaji kuangaliwa kwa makini.

Kanuni za taifa za ujenzi zinamtaka mwenye kiwanja chenye bwawa ahakikishe kwamba mtu hawezi kulifikia kutoka barabarani, mahali pa umma au kiwanja cha jirani isipokuwa kwa kupitia geti linalojifunga na kujikomea lenyewe, au kupitia jengo ambalo ni sehemu ya uzio huo. Ukuta au uzio usipungue kimo cha mita 1.2 kutoka ardhini, na usiwe na upenyo unaoweza kupitisha mpira wenye kipenyo cha milimita 100. Kipimo hicho cha milimita 100 kimewekwa kwa sababu ya miili midogo ya watoto.

Msikilizaji makini ataona kwamba kanuni hiyo inamzuia mtoto wa jirani na mpita njia. Mtoto wa nyumba hiyo yenyewe haji kutoka barabarani. Anatoka mlango wa jikoni, akifuata mpira au mbwa, wakati mama anapokea simu na dada wa kazi anaanika nguo. Ukuta wa nje wa mita mbili hauna la kumfanyia. Nyumba inaweza kuwa imetimiza masharti ya sheria, na bado pasiwe na kitu chochote kati ya mlango wa jikoni na maji.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa usalama wa watoto husisitiza uzio wa pili, wa ndani, unaolitenga bwawa na nyumba, wenye geti linalojifunga lenyewe na komeo lililo juu kuliko mkono wa mtoto mdogo. Wavu uliokazwa juu ya maji ni msaada wa ziada, lakini hufanya kazi pale tu unaporudishwa kila baada ya kuogelea. Geti linalojifunga halimtegemei mtu akumbuke. Kuzama kwa mtoto hakuna kelele kama ionekanavyo katika filamu. Huwa ni kimya, na dakika chache zinatosha.

Ni busara basi kuupanga uzio mapema katika utaratibu wa malipo, kabla ya matofali ya mapambo, taa za chini ya maji na viti vya kupumzikia. Sakafu inaweza kusubiri msimu ujao na nyasi zikatumika kwa muda. Uzio hausubiri, kwa maana hatari huanza siku ile ile shimo linapochimbwa.

Kibali, cheti na haki za mnunuzi

Kwa mujibu wa sheria ya viwango vya ujenzi ya mwaka 1977, bwawa la kuogelea la binafsi linahesabiwa kuwa kazi ndogo ya ujenzi. Udogo huo haumwondolei mtu wajibu wa kuomba. Idhini ya ofisa wa udhibiti wa majengo wa manispaa huhitajika kabla ya kuanza, na ofisa huyo anaweza kutaka ramani kamili. Anayejenga bila idhini mara nyingi hugundua kosa lake miaka mingi baadaye, anapotaka kuuza nyumba na ramani zilizoko manispaa hazilingani na kilichopo uani.

Umeme nao una karatasi yake. Kazi yoyote mpya ya nyaya za umeme nyumbani lazima ifanywe chini ya fundi aliyesajiliwa na kukamilishwa kwa cheti cha ubora, na saketi ya pampu iwe na kikata umeme kinachozima mara tu mkondo unapovuja kwenda ardhini. Maji na umeme havipatani. Aidha, kampuni ya bima huweza kukataa kulipa fidia iwapo cheti hicho hakipo.

Sheria ya Kulinda Watumiaji, namba 68 ya mwaka 2008, inampa mnunuzi silaha mbili za kukumbukwa. Kwanza, ikiwa muuzaji ndiye aliyemfuata mteja kwa simu, barua au mlangoni na akamshawishi kununua, mteja anaweza kuvunja makubaliano ndani ya siku tano za kazi bila kutoa sababu na bila adhabu. Pili, bidhaa yenye kasoro inaweza kurudishwa ndani ya miezi sita, na mnunuzi ndiye anayechagua kati ya kukarabatiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Ila beseni likishafukiwa na kuzungushiwa zege, kulirudisha ni rahisi kusema kuliko kutenda. Wakati mzuri wa kulikagua ni lingali juu ya lori, mchana, kwa kupitisha mkono juu ya uso wake na kupiga picha kila nyufa au uvimbe unaoonekana.

Kuhusu malipo, utaratibu ulio salama ni kulipa kwa awamu zinazofungwa na kazi iliyokamilika: kiasi kidogo wakati wa kusaini, kiasi kingine beseni linapofika, kingine likishajazwa maji na pampu kuzunguka, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mpaka cheti cha umeme kitolewe na uchafu wote uondolewe. Fundi anayedai karibu fedha zote kabla ya jembe kugusa udongo amwombe mteja mwingine.

Miaka inayofuata

Bajeti ya bwawa haifungwi siku ya kuogelea kwa mara ya kwanza. Kila mwezi kuna maji, umeme na dawa.

Maji hupotea kwa jua na upepo. Milimita moja ya maji katika eneo la mita moja ya mraba ni lita moja. Bwawa la mfano wetu lina uso wa mita za mraba 21. Likipoteza milimita 5 katika siku ya joto kali, ni lita 105 kwa siku, zaidi ya lita 3,000 kwa mwezi. Uzito wa tarakimu hiyo wanaujua wakazi wa Cape Town. Mwezi Februari 2018, jiji hilo lilipokaribia siku ambayo mabomba yangefungwa, kila mtu aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na kujaza au hata kuongezea maji ya bomba katika mabwawa ya kuogelea kulipigwa marufuku. Bwawa moja lisilofunikwa lilikuwa linawapa hewa maji ya watu wawili. Kifuniko huzuia sehemu kubwa ya upotevu huo na hurudisha bei yake kwa bili ya maji.

Kwa upande wa umeme, pampu inayotumia kilowati 1.1 ikifanya kazi saa 8 kwa siku hula uniti 8.8, yaani 264 kwa mwezi. Zizidishe kwa bei ya uniti iliyo kwenye bili yako, nawe utaijua gharama yake. Pampu za kasi inayobadilika huwa ghali dukani, lakini zina siri moja ya kifizikia: kasi ya mzunguko ikipunguzwa nusu, umeme unaohitajika hushuka kinadharia hadi sehemu moja ya nane, wakati maji yanayopita hupungua nusu tu. Hata pampu hiyo ikiachwa ifanye kazi muda maradufu, bado hutumia robo ya umeme wa mwanzo. Kwa wenye paneli za jua, ambazo ziliongezeka sana wakati wa mgao wa umeme, pampu hupangiwa saa za mchana.

Kuhusu usafi, maji yapimwe mara kwa mara na uchachu wake ubaki kati ya 7.2 na 7.6 katika kipimo cha pH. Maji makali huchubua tabaka la juu la faiba. Aina mbili tofauti za klorini zisichanganywe kamwe, hata kwenye ndoo kavu, kwani zinaweza kuwaka moto. Katika kupunguza kazi ya mikono, nchi hii ina mchango wake kwa dunia nzima: mashine ya kutambaa chini ya maji na kufyonza uchafu iitwayo Kreepy Krauly ilibuniwa Afrika Kusini mwaka 1974 na Ferdinand Chauvier, mtaalamu wa mitambo ya maji aliyehamia hapa kutoka Kongo ya Ubelgiji mwaka 1951.

Kwa wanaofikiria kulipeleka nyumbani

Baadhi ya wasikilizaji wanaojenga Lubumbashi, Ndola au Dar es Salaam huuliza kama wanaweza kununua beseni Johannesburg na kulisafirisha. Kontena la kawaida lina upana wa ndani wa takriban mita 2.35, hivyo beseni la mita 3 haliingii likiwa limelala. Kwa barabara, mzigo wa kwenda Lubumbashi hupita Beitbridge, Chirundu na Kasumbalesa, na mzigo uliozidi upana huhitaji kibali katika kila nchi unayopita, mbali na ushuru. Ni rahisi usafiri ukaipita bei ya beseni lenyewe. Mara nyingi bwawa la zege lililojengwa na mafundi wa huko huko ndilo jibu la busara.

Karatasi moja kabla ya kusaini

Kwa muhtasari, anayepanga bwawa achukue karatasi moja na kuandika maswali haya. Je, bei ina VAT? Udongo nani anauondoa, na mchanga wa kujazia nani anaununua? Aina ya ardhi imepimwa, na bomba la kuangalia maji ya chini limo katika mkataba? Beseni litapitia wapi? Manispaa imeidhinisha? Nani atatoa cheti cha umeme? Uzio wa ndani na geti vitasimama siku gani? Na je, bili ya kila mwezi itawezekana hata katika mwezi ambao kazi imeyumba?

Majibu yote yakiwa na tarakimu mbele yake, na jumla yake pamoja na akiba ya asilimia 10 ikiwa haijazidi fedha iliyopo, mkataba unaweza kusainiwa. Jibu moja likikosekana, shimo lisichimbwe bado.